Uliza Fundi: Bei tatu kwa tovuti moja, na barua nyingine

Mwezi huu sanduku la barua limejaa tovuti. Kuna anayetaka kujenga, kuna aliyejengewa akajikuta nje ya mlango wake mwenyewe, na kuna fundi mwenzangu aliyekuja kuwashtaki wateja. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inagusa karibu kila kitu. Zote nimezifupisha, na majina ya watu na ya biashara nimeyaondoa.

SWALI: Shikamoo Bi. Fundi. Mimi ni muongoza watalii hapa Moshi. Nimepandisha wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi nikiwa chini ya kampuni za watu, sasa nimefungua ya kwangu na leseni ninayo. Nataka tovuti. Nimeulizia kwa mafundi watatu. Wa kwanza kaniambia laki nne, siku tatu imekwisha. Wa pili milioni moja na laki nane. Wa tatu milioni nne na nusu, na kabla ya kutaja bei kaniuliza maswali mpaka nikachoka. Tovuti ni ileile, mbona bei zinaachana hivyo? Na nikishalipa, nitegemee kupata nini? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kampuni. Huyo aliyekuchosha kwa maswali, mrudie. Sijasema umpe kazi. Milioni nne na nusu kwa kampuni changa ni pesa nyingi. Lakini kati ya watatu ndiye pekee aliyetaka kujua anakwenda kujenga nini. Wa laki nne amekutajia bei ya kazi asiyoijua, maana yake kazi yenyewe anayo tayari: ni templeti iliyokaa kwenye kompyuta yake, atabadilisha rangi, ataweka nembo yako, basi.

Templeti si dhambi. Hata sisi tunaojiita wataalamu tunazitumia. WordPress, programu ya kujengea tovuti ambayo ipo tangu 2003 na haiuzwi, ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na templeti nzuri ya kuivalisha unaipata kwa dola 60 hivi. Unachotakiwa kuuliza ni kama templeti hiyo na plagini zake (programu ndogo za kuiongezea uwezo) zimenunuliwa kihalali. Zipo zinazogawiwa bure baada ya leseni kuvunjwa, na nyingi huja na mgeni ndani, yaani programu ya kihalifu iliyofichwa. Tovuti inafanya kazi vizuri miezi mitatu, kisha siku moja mtalii wa Ujerumani anabofya jina la kampuni yako anajikuta kwenye ukurasa wa kamari.

Sasa pesa inakwenda wapi? Chukua ukurasa mmoja tu, wa njia ya Machame kwa siku saba. Fundi wa siku tatu atanakili maelezo kutoka kampuni nyingine ya hapohapo Moshi, ataweka picha ya kilele, na chini yake kitufe cha kuwasiliana. Fundi anayeijua kazi atakaa na wewe akuulize: mgeni wako yuko Manchester, ni saa nne usiku, ana simu mkononi na ameshapitia kampuni tano. Anatafuta nini? Anataka kujua bei hiyo ni ya mtu mmoja au ya kundi. Ada za hifadhi zimo au atadaiwa getini? Mfuko wa kulalia mnao au aje nao? Asiyekula nyama atapikiwa nini siku saba? Mkitoka Kambi ya Barafu usiku kuelekea Uhuru, mita 5,895, yeye akazidiwa njiani, nani anashuka naye na nani anaendelea na wenzake? Wapagazi mnawalipaje, na mzigo wao mnaupima usivuke kilo 20? Usilidharau hilo la mwisho. Wageni wa siku hizi wanaliuliza kuliko unavyodhani.

Majibu yote hayo unayo kichwani, umeyajibu mara nyingi ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Kuyatoa huko na kuyapanga yasomeke kwenye kioo cha simu, hapo ndipo pesa inapokwenda. Rangi ni kazi ya mchana mmoja.

Kwa hiyo tegemea kwanza kikao, au viwili. Baada ya hapo fundi akuletee mchoro wa kurasa: zipi zipo, zinaungana vipi, nini kinaanza juu. Mchoro huu hauna rangi na hauna picha, na wateja wengi huupitia harakaharaka wakisubiri mapambo. Wewe usiupitie hivyo. Kuhamisha kisanduku kwenye karatasi ni dakika moja, kukihamisha tovuti ikishajengwa ni wiki, tena utailipia. Ukishaukubali, ndipo utaonyeshwa sura ya ukurasa wa mwanzo, kisha ujenzi, kisha majaribio, kisha siku ya kwenda hewani. Kwa tovuti ya kurasa nane au kumi, wiki nne hadi nane ni muda wa kawaida.

Zitageuka kuwa miezi mitano kwa sababu yako. Nakuambia mapema usije ukamlaumu kijana wa watu. Mtu akishatoa kianzio anadhani kazi imehamia kwa fundi, kumbe ndiyo imefika kwake. Nani ataandika ratiba ya kila njia? Nani ana picha? Ukitaka fundi au mwandishi wake aandike, sawa, ila hilo ni la bei nyingine na liingie kwenye mkataba. Ukiandika mwenyewe, tenga jioni zako, andika kwa Kiswahili kama ndicho kinachokutoka vizuri, halafu tafuta mtu wa kukitia kwenye Kiingereza safi. Usimwachie fundi kazi ya kutafsiri kama si fani yake.

Picha nazo ziwe zako. Simu yako imejaa picha za wageni wamesimama kwenye kile kibao cha kilele wakilia kwa furaha. Omba ruhusa yao, uzitumie. Picha za kuokota Google zina wenyewe, na zinaumbua. Nimewahi kufungua tovuti ya safari za Serengeti nikapokelewa na simbamarara. Mnyama mzuri sana, lakini anaishi Asia. Na fundi azipunguze uzito kabla ya kuzipandisha: picha moja ya simu inaweza kuwa na megabaiti nne, na kumi za namna hiyo zinamaliza bando la mtu kabla hajaona bei.

Kabla ya kuchagua, waombe wote watatu tovuti walizowahi kujenga. Usiziangalie kwenye kompyuta yao ofisini penye mtandao wa kasi. Zifungue kwenye simu yako, kwa bando lako, ukiwa stendi. Kisha mpigie mwenye tovuti mmojawapo, umuulize jambo moja tu: ukipata tatizo leo, anapokea simu?

Malipo mara nyingi huwa nusu kuanza na nusu mwisho, au matatu: kianzio, ukikubali sura, na kabla ya kwenda hewani. Anayetaka zote mkononi siku ya kwanza, muage. Mkataba utaje marekebisho ni awamu ngapi. Mbili au tatu zinatosha. Baada ya hapo anakutoza, na ana haki. Utaje pia kwamba ukimaliza kulipa, kila kilichotengenezwa ni chako, yakiwemo maneno na mafaili ya nembo, na kwamba utafundishwa kubadilisha bei na kuongeza picha bila kumpigia simu.

Gharama haziishi siku ya uzinduzi. Jina la tovuti, mafundi wanaliita domeni, linalipiwa kila mwaka, la .com ni dola 10 hadi 20 hivi. Seva, yaani kompyuta inayoiweka tovuti hewani, inalipiwa, na matengenezo yanalipiwa ukitaka mtu wa kusasisha programu na kuweka nakala rudufu. Uliza jumla ya mwaka wa pili ni kiasi gani. Wengi wanakutajia mwaka wa kwanza tu. Lile kufuli dogo la usalama juu ya kivinjari usikubali kutozwa laki mbili kwa ajili yake: Let's Encrypt wanatoa vyeti vya kufuli hilo bure kwa umma tangu 2015, na seva nyingi zinakuwekea moja kwa moja.

Barua pepe yenye jina la kampuni, itake. Na umuulize fundi kama ataweka rekodi za SPF na DKIM. Huna haja ya kujua ni nini, angalia tu kama swali linamshtua. Tangu Februari 2024 Gmail imekaza masharti, na barua zinazotoka kwenye jina lisilo na rekodi hizo zinaweza kukataliwa au kuzama kwenye takataka. Umemjibu mgeni bei, yeye hajaiona, amekwenda kwa jirani.

Fomu ya kujaza namba ya pasipoti na magonjwa ya mgeni isiwekwe kwa mazoea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Omba kwenye tovuti kile unachohitaji kumpa bei. Mengine mtaandikiana akishaamua kuja.

Akitokea wa kukuahidi nafasi ya kwanza Google ndani ya wiki mbili, jua anakudanganya. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna awezaye kuihakikisha nafasi hiyo.

Sasa ufuate bei ipi? Rudi kwa huyu wa tatu, mwambie: ndugu yangu, nina milioni mbili na nusu, kwa pesa hiyo tunaanza na nini? Fundi mzuri hapunguzi bei, anapunguza kazi. Atakuambia tuache mfumo wa kulipa kwa kadi mpaka mwakani. Na kweli uuache, kwa sababu kampuni za malipo zitakudai vyeti vya BRELA, TIN na akaunti ya benki ya biashara, na kuvikusanya ni safari nyingine. Atakuambia tuanze na njia tatu unazoziuza sana badala ya saba. Akikubali palepale kufanya yote yaleyale kwa karibu nusu ya bei, basi ile bei ya kwanza haikuwa na hesabu, nenda kwa wa pili ukamwombe mchanganuo wa maandishi. Na namba yako ya leseni iwekwe chini ya kila ukurasa. Wageni wanaogopa matapeli kuliko wanavyoogopa mlima.

SWALI: Dada Fundi, habari za kazi? Nina nyumba ya wageni Pangani. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinitengenezea tovuti nzuri tu, na kila mwaka namtumia pesa ya jina na ya seva. Mwaka huu simu yake haipatikani. Wiki iliyopita nafungua tovuti nakuta tangazo la Kiingereza kwamba jina limeisha muda wake. Kibao cha barabarani na vipeperushi vyote vina jina hilo, mwisho wake ni .com. Nimelipoteza? (Mama mwenye nyumba, Pangani)

JIBU: Pole, mama. Inawezekana bado hujalipoteza, lakini usilale na hili.

Fungua lookup.icann.org, andika jina lako. Haitakuonyesha mwenye jina, kwa sababu tangu 2018 taarifa za watu zinafichwa, lakini itakuonyesha kampuni iliyolisajili na tarehe ya kuisha. Hizo mbili ndizo unazozihitaji. Jina la .com likiisha haliondoki siku hiyohiyo. Kampuni nyingi huacha muda wa kulilipia kwa bei ya kawaida, unaoweza kufika siku 45 ingawa kila moja ina utaratibu wake. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini kubwa, kisha siku 5 za kufutwa, na baada ya hizo yeyote duniani anaweza kulichukua.

Iandikie kampuni hiyo leo. Watakuambia wanazungumza na mwenye akaunti tu, na mwenye akaunti ni yule kijana. Hapa ndipo shida yako ilipo: ni kama laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Umeitumia, umeiwekea salio, namba wanaijua wateja wako, lakini dukani wanamtambua yeye. Uliza hata hivyo kama wanapokea malipo ya kuongeza muda kutoka kwa mtu mwingine, baadhi wanapokea. Kulipa hakukufanyi mwenye jina, ila kunasimamisha saa.

Halafu mtafute kijana. Pangani si kubwa. Ana ndugu, ana rafiki, alikuja kwako kwa kuletwa na mtu. Usianze na polisi. Wengi wa namna hii hawakukusudia wizi, wamepata ajira mjini, wamebadilisha namba, wameacha kazi za watu hewani. Akipatikana mwombe jambo moja: akuhamishie jina kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe yako. Ndani ya kampuni ileile ni kazi ndogo. Kulipeleka kampuni nyingine kunahitaji namba maalum ya idhini, ambayo anaweza kuitoa ndani ya akaunti yake.

Wakati unahangaika, nenda web.archive.org uandike anwani ya tovuti yako. Kuna uwezekano mkubwa wana nakala ya kurasa zako za zamani. Nakili maneno na bei zote, kwa sababu hata ukilipata jina huenda seva imeshafutwa.

Kwa wengine mnaosoma hili huku mkisema mimi yangu iko salama: mmeiangalia? Akaunti ya jina la tovuti ifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara na ilipiwe na mwenye biashara. Fundi apewe ruhusa ya kuingia, asiwe yeye ndiye anayewapa ninyi ruhusa. Majina ya .tz yana nafuu moja: usimamizi wake uko hapa nchini chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama ya .ke yalivyo kwa KeNIC kule Nairobi, kwa hiyo mlango wa kugonga upo karibu. Lakini hata huko wataangalia kwanza limeandikwa kwa jina la nani.

SWALI: Bi. Fundi, salaam nyingi. Nina duka la mikoba na viatu vya ngozi Mji wa Kale. Mtoto wa dada yangu asoma kompyuta chuo kikuu, mwaka wa pili, na ataka kunitengenezea tovuti bure. Mume wangu asema nitafute mtaalamu. Nikimkataa kijana, dada yangu ataona nimemdharau mwanawe. Nifanyeje? (Mombasa)

JIBU: Salaam zimefika. Mpwa wako hana neno. Lenye neno ni hilo "bure".

Ukipewa kazi bure huwezi kusema sijaipenda. Huwezi kumpigia kijana saa mbili usiku kumwambia bei ya ndara imekosewa, kwa sababu utamsikia mama yake kesho. Naye hatakwambia ana mitihani. Atanyamaza tu, na tovuti itakaa na ukurasa mmoja ulioandikwa "inakuja hivi karibuni" mpaka Idi ipite.

Mlipe. Si lazima bei ya mtaalamu, lakini iwe pesa inayomfanya aone ni kazi. Mwandikiane karatasi moja: kurasa tatu, yaani duka ni la nani na liko wapi, bidhaa na bei zake, na namna ya kuagiza, tarehe ya kumaliza iwe kabla ya mitihani, jina la tovuti kwa barua pepe yako, kama nilivyomwambia mama wa Pangani. Picha muwe pamoja: weka mkoba kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha asubuhi, upigwe mbele, nyuma, ndani, na mmoja ukiwa begani mwa mtu ili mnunuzi aone ukubwa. Mfuko wa ndani na mishono ionekane. Mnunuzi wa ngozi hutazama mshono.

Mumeo naye ana haki yake mahali pamoja. Ukifika wakati wa kupokea kadi za wateja wa ng'ambo, usimwachie mwanafunzi ajenge mwenyewe mfumo wa malipo. Hapo lipa mtu wa kuunganisha huduma iliyokwishapata vibali, namba za kadi zisipite kabisa kwenye tovuti yako. Kwa wateja wa Kenya, till ya M-Pesa na ujumbe wa WhatsApp vitakufikisha mbali.

Kwa dada yako sema tu: mwanao nimempa kazi, na ninamlipa. Hapo hakuna wa kukasirika.

SWALI: Mambo, dada! Nauza keki Tabata, oda zote natoa Instagram na WhatsApp. Kila mtu ananiambia bila website siko siriaz. Kweli? (Mpika keki)

JIBU: Poa! Si kweli, kwa sasa. Kama oda zinakuja mpaka unakosa oveni, laki zako nunua oveni. Fanya mambo mawili ya bei ndogo au bure: fungua wasifu wa biashara kwenye Google ili uonekane kwenye ramani mtu akitafuta keki Tabata, na upange katalogi ya WhatsApp Business yenye bei, uache kujibu "bei gani" siku nzima. Jina la tovuti linunue hata kama hutajenga leo, kabla mwingine hajalipenda. Siku ofisi au hoteli itakapotaka kukupa oda ya kila mwezi na kukuuliza tuingie wapi tuone kazi zako, hapo nitafute tena. Akaunti ya Instagram ikifungwa usiku mmoja, hakuna wa kumpigia simu. Hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya nisikwambie usijenge kabisa.

SWALI: Mwenzangu, wewe kila siku unawafundisha wateja kutuhoji. Na sisi je? Nina mteja hapa Dodoma alilipa nusu, tukakubaliana sura, akafurahi. Huu mwezi wa nne hajaleta picha wala maelezo, na kila nikiuliza ananiambia "wiki hii". Juzi kanipigia kwamba nimemchelewesha na anataka pesa yake. (Fundi, Dodoma)

JIBU: Nilijua utakuja. Nimemwambia ndugu yetu wa Moshi hapo juu, na nakupa wewe ushahidi: tovuti nyingi hazicheleweshwi na msimbo, yaani uandishi wa programu.

Lakini mkataba wako unasemaje? Kama umeandika "tovuti itakamilika baada ya wiki sita" ukaishia hapo, yeye ndiye mwenye hoja. Wiki sita zihesabiwe tangu siku vifaa vyote vilipofika, na orodha ya vifaa iwe kwenye mkataba: maelezo ya kurasa gani, picha ngapi, nembo, nani anayekubali kwa niaba ya ofisi. Huyo wa mwisho awe mtu mmoja. Nimeona kazi iliyokubaliwa na mkurugenzi ikakataliwa na shemeji yake.

Weka na kifungu cha kusimama. Vifaa visipofika ndani ya siku 30 tangu ulipovidai kwa maandishi, kazi inasimama, na kuirudisha kwenye foleni kuna ada. Visipofika ndani ya siku 90, kazi inahesabiwa imefungwa na kianzio hakirudi, kwa kuwa kimeshalipia kikao, mchoro na sura. Hilo lisomwe kwa sauti siku ya kutia saini. Likisomwa, hutalihitaji mara nyingi.

Kwa huyu uliyenaye, usirushiane maneno kwenye simu. Mwandikie barua pepe ya heshima: hiki nilichofanya na tarehe zake, hiki ninachosubiri kutoka kwako, hizi meseji nilizokukumbusha. Mpe njia mbili: alete vifaa na umalize kwa wiki tatu, au umkabidhi michoro na sura aliyoikubali, muachane, kila mmoja abaki na chake. Wengi wakiziona tarehe zimepangwa hivyo wanatulia.

Akichagua kuleta, usimwambie "niletee maelezo." Hajui maelezo ni nini, ndiyo maana amekaa miezi minne. Nenda ofisini kwake saa moja, washa kinasa sauti cha simu, umuulize wateja wake humuuliza nini, uandike mwenyewe kutoka humo na umtoze kwa hilo. Na picha akizituma kwa WhatsApp mwambie azitume kama dokyumenti, si kama picha, la sivyo zitakufikia zimeminywa na utamrudia tena kuziomba upya.